Chekechea za binafsi: mtoto aachiwe achague mwenyewe la kujifunza?

Wazazi wenzangu na walimu, hebu tujadili hili bila kurushiana maneno. Mzazi amelipa ada, jioni anamuuliza mtoto amesoma nini, anajibiwa, "Nimemimina maji." Daftari jeupe. Akienda kwa mwalimu anaambiwa hapa mtoto ndiye anayeongoza. Wapo wanaofurahi, wapo wanaohamisha mtoto muhula huohuo.

Mimi nipo upande wa mwalimu, ila kwa masharti.

Kumimina maji kutoka jagi moja hadi jingine bila kumwaga ni kazi. Mkono unatulia, jicho linakadiria, na mtoto anamaliza alichoanza. Maria Montessori, daktari wa Italia, alipofungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma, alizipa uzito kazi za mikono za namna hii. Tatizo ni kwamba tunaisimulia habari hiyo nusunusu. Mtoto alichagua, ndiyo, lakini alichagua kati ya zana zilizoandaliwa kwa makusudi, alionyeshwa kwanza namna ya kuzitumia, na mtu mzima alikuwa akimtazama muda wote.

Utaratibu huo ndio unaoitwa Montessori, ila katika nchi nyingi shule yoyote inaweza kubandika jina hilo getini. Kwa hiyo tusibishane juu ya bango. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, Angeline Lillard, alilinganisha madarasa yaliyofuata utaratibu huo kikamilifu na yale yaliyouchanganya na vifaa vingine vya kawaida. Watoto wa madarasa ya kwanza walipiga hatua kubwa zaidi mwaka ule. Watoto hao hawakugawanywa kwa kura, basi anayetaka kusema wazazi wao walikuwa tofauti tangu mwanzo, ana haki.

Kwenye kusoma ndipo ninapoachana na wenzangu wanaosema "atasoma akiwa tayari". Hakuna mtoto atakayegundua kwa kucheza tu kwamba alama fulani inatamkwa "m". Lazima aambiwe. Montessori mwenyewe alikuwa na herufi za karatasi ya msasa: mtoto anapitisha kidole, mwalimu anatamka sauti. Dakika chache za kufundishwa waziwazi haziui udadisi wa mtu.

Na msiniletee Finland, eti kule watoto huchelewa kuanza shule. Kweli, shule ya msingi kule huanza mtoto akiwa na miaka 7, lakini kabla yake kuna mwaka wa maandalizi ambao ni wa lazima.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni yule mtoto mkimya anayeshinda kona moja na vitalu vyake vya kuchezea, hasumbui, hivyo hakuna anayemkumbuka. Ukitaka kuipima shule, usiulize falsafa yao. Omba kuona alichoandika mwalimu kuhusu mwanao wiki hii: alichagua nini, alikwama wapi, kesho atawekewa nini mbele yake. Kama hakuna kilichoandikwa wala kukumbukwa, huyo mtoto haongozi chochote, ameachwa. Na ada inalipwa vilevile.

Sasa nanyi semeni. Mnaotaka madaftari tangu miaka mitatu, mtoto wa umri huo akinakili ukurasa mzima wa "a", amejifunza nini? Na mnaotetea uhuru: mtoto wa miaka mitano na nusu ambaye hajawahi kuisogelea kona ya herufi kwa hiari yake, mwalimu amsubiri hadi lini?