Kura yangu katika klabu ya kriketi ya kaunti: fomu imerudishwa

Kutoka: Mwalimu wa Kusini

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nimekuwa mwanachama wa klabu ya kriketi ya kaunti ninamoishi hapa Uingereza kwa miaka saba, na jina la klabu sitalitaja kwa kuwa shauri bado liko mezani. Wiki mbili zilizopita tulitumiwa barua ya SGM, yaani mkutano mkuu maalumu, ambamo tutaombwa kupiga kura ili klabu iache kuwa chama cha wanachama na igeuzwe kampuni ya hisa, mwekezaji apate kuingia. Kwa kuwa siku hiyo nitakuwa zamu, nilijaza fomu ya kura ya uwakilishi nikaiposti mapema. Jana imerudi, ikiwa imebandikwa kikaratasi chenye mistari miwili: jina lililo kwenye fomu halilingani na daftari la wanachama, na aina ya uanachama wangu inahakikiwa.

Kwenye daftari nina majina mawili. Kwenye fomu niliandika matatu, kama yalivyo kwenye pasipoti na kwenye eVisa, maana wakati wa BRP, ile kadi ya ukaazi, nilishapata taabu ya kutosha kwa kuacha jina la babu. Kuhusu aina ya uanachama, mimi na mke wangu tuna kadi ya pamoja ya nyumba moja. Maswali yangu ni mawili tu. Je, niandike jina la daftari au la pasipoti? Na je, kadi ya pamoja ina kura moja, mbili, au haina kabisa? Fomu zinafungwa saa 48 kabla ya mkutano.

Kutoka: Mzee wa Leicester

Mwalimu, pole sana. Jambo la majina ninalijua tangu ujana wangu. Nilikuja mwaka 1972 kutoka Kampala, katika kundi lile lililofukuzwa na Idi Amin, na halmashauri ya mji huu ilikuwa imelipa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kutuomba tusije Leicester. Tulikuja. Jumapili ya kwanza yenye jua nilikwenda kuutafuta uwanja wa Grace Road, kwa sababu katika mji mzima hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika kwamba nitakielewa bila kuelezwa.

Ninalotaka kusema kuhusu mwelekeo wa klabu hizi ni kwamba watu wanazizika mapema mno. Leicestershire haina timu ya The Hundred, yale mashindano mafupi ya mipira mia kwa kila upande, haina uwanja wa mechi za kimataifa za siku tano, na kwa zaidi ya miaka 20 ilikaa daraja la pili hata magazeti yakawa yanaandika kama ni mgonjwa wa kuhurumiwa. Mwaka 2023 ikachukua kombe la mechi za siku moja za ovari 50, na mwaka 2025 ikaongoza daraja la pili na kupanda. Haikuuzwa kwa mtu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba klabu ndogo haina njia ila kuuzwa, muulize ameangalia msimamo wa ligi wa mwaka gani.

Kutoka: Kijana wa Manchester

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, kupanda daraja si hesabu ya benki. Klabu 18 za kaunti hazijaendeshwa kwa viingilio vya mechi za siku nne kwa muda mrefu sana. Zinaendeshwa kwa mgao wa ECB, bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales, unaotokana na haki za televisheni. Mwaka 2016 Durham, iliyokuwa imechukua ubingwa mara tatu ndani ya miaka sita, iliishiwa fedha, ikaokolewa na ECB, na malipo ya kuokolewa yakawa kushushwa daraja na kuanza msimu uliofuata ikiwa imekatwa pointi 48. Hampshire, iliyokuwa ishuke kwa matokeo ya uwanjani, ikabaki mahali pake. Hampshire hiyo ilikuwa imekwisha kugeuzwa kampuni tangu mwaka 2001, na sasa iko mikononi mwa kampuni ya GMR ya India. Wanachama wake hawapigi kura ya kuuza wala kutouza, na uwanja unajaa vilevile.

Mwalimu, mimi ningepiga kura ya ndiyo nikalala usingizi. Huyo mwekezaji haji kwa ajili ya mapenzi, lakini paa la jukwaa halizibwi kwa mapenzi.

Kutoka: Mama wa Birmingham

Kijana, kuna mambo mawili yanayochanganywa, na ndivyo wanavyotaka wanaouza. Kuuza hisa za timu ya The Hundred ni jambo moja, kuuza klabu ya kaunti yenyewe ni jambo lingine. Katika mauzo ya mwaka 2025, ECB iliuza asilimia 49 iliyokuwa nayo katika kila timu kati ya zile nane, na asilimia 51 ilikuwa imepewa klabu mwenyeji, yaani yenye uwanja timu inapochezea, au MCC, klabu yenye uwanja wa Lord's. Surrey imebaki na sehemu yake, Lancashire imeuza baadhi ikabaki na asilimia 30, Yorkshire imeuza yote kwa wenye timu ya Sunrisers ya Hyderabad, India. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 500, asilimia 10 ikatengewa kriketi ya ngazi ya chini, na klabu ambazo si wenyeji zikapangiwa mgao mkubwa kuliko wenyeji. Kwa hiyo klabu ya Mwalimu, ikiwa si mwenyeji, ina fedha zinazoingia bila kuuza hata kiti kimoja. Swali la kuuliza kwenye SGM ni hili: kwa nini haraka hii, mwaka huu huu?

Nitaongeza jambo ambalo wanaume wa orodha hii hawaligusi. Mwaka 2025 klabu nane za kaunti zilianza kuwa na timu za wanawake za kulipwa za daraja la juu. Binti yangu anarusha mpira, na ninataka kujua mmiliki mpya atafanya nini na timu yake mwaka ambao hesabu haitakaa sawa. Katika chama cha wanachama ninaweza kusimama nikauliza. Katika kampuni ya mtu nitaandika barua pepe.

Kutoka: Karani Mstaafu wa Ushirika

Waungwana, nilifanya kazi katika ushirika Kilimanjaro kabla ya kuja huku, na pia ni mwanachama wa klabu mojawapo, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisahihisha. Hakuna hata mmoja wenu aliyesoma sheria.

Klabu nyingi za kaunti zimesajiliwa kama vyama vya ushirika na vya manufaa ya jamii, na msajili wake ni FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mambo ya fedha. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na kadi ya bei gani. Chini ya sheria ya mwaka 2014, ili chama kama hicho kigeuzwe kampuni haitoshi wengi wa waliohudhuria kuinua mikono. Ni lazima angalau nusu ya wanachama wenye haki ya kura wapige kura, na robo tatu ya waliopiga waunge mkono. Nusu hiyo ndiyo kisiki. Mnajua wenyewe mikutano yetu ilivyo. Wanachama wengi ni wazee wanaokuja na chupa ya chai na redio ndogo, wanatazama kriketi, wanarudi nyumbani, na karatasi za mkutano wanawekea vikombe.

Sasa msomeni tena Mwalimu. Fomu iliyorudishwa haihesabiki kuwa kura ya hapana. Inahesabiki kuwa ukimya, na ukimya unamuumiza anayetaka kuuza, kwa sababu yeye ndiye anayeitafuta nusu. Hivyo mtu anaweza kudhani kwamba ofisi haina sababu ya kurudisha fomu. Lakini neno la kuangalia ni lile la pili, kwamba uanachama wake unahakikiwa. Mwanachama akiondolewa kwenye daftari la wenye kura kabla ya siku ya mkutano, jumla inapungua, na jumla ikipungua, nusu yake inapungua pia. Daftari likisafishwa vya kutosha, nusu inafikiwa bila kumshawishi mtu yeyote. Sisemi kwamba ndivyo inavyofanyika huko. Ninasema kwamba katika ushirika, anayeshika daftari ameshika mkutano.

Kwetu mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa tamko, kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya serikali, na hadi vinarudishwa katika miaka ya themanini, watu waliojua kuviendesha walikuwa wamezeeka au wametawanyika. Huko Kenya, KCC, ushirika wa maziwa wa wafugaji, iliuzwa mwaka 2000 na serikali ikainunua tena mwaka 2003. Kilichovunjwa kinaweza kurudi, lakini hakirudi na watu wale wale.

Kutoka: Kijana wa Manchester

Karani, klabu ya kriketi si sacco. Haina gawio, haina mkopo, na wanachama wake hawaleti maziwa. Wananunua tikiti ya msimu kwa punguzo, kisha wanajiita wamiliki. Mwaka 2022 iliposhauriwa kwamba mechi za ubingwa, zile za siku nne, zipunguzwe hadi 10, klabu zilikataa kwa kuwaogopa wanachama. Mwaka 2025 likaja pendekezo la mechi 12, nalo likakosa kura, tukabaki na 14, na zilizopunguzwa ni za T20, zile fupi za ovari 20, ambazo ndizo zinazojaza viti. Mwelekeo wa baadaye unaamuliwa na watu ambao wakati wao ujao umekwisha kupita.

Kutoka: Mzee wa Leicester

Mwanangu, mimi ni mmoja wa hao, na Inshallah wakati ujao bado ninao kidogo.

Hizo mechi 14 unazozidharau ndizo zinazotengeneza mchezaji. Basharat Hassan alizaliwa Nairobi, akacheza Nottinghamshire karibu miaka 20, mechi za siku nyingi juu ya mechi za siku nyingi. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Collins Obuya alipata wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano, dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi, Warwickshire ikamchukua msimu huo huo. Baada ya hapo nyumbani hapakuwa na ligi ya siku nyingi ya kumlea mwingine, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya mechi za siku moja za kimataifa. Fedha zilikuja, tena nyingi, wakati timu inang'ara. Hazikuingia viwanjani.

Kutoka: Mama wa Birmingham

Mzee, hapo nakuunga mkono, ila tusiwapambe wanachama mno. Yorkshire ilikuwa na wanachama kwa maelfu wakati mchezaji wake Azeem Rafiq anabaguliwa kwa asili yake, na ripoti ya mwaka 2023 ya ICEC, tume huru ya usawa katika kriketi, iliikuta kasoro hiyo hiyo ya ubaguzi katika kriketi nzima, si katika klabu moja. Kura moja kwa kila mwanachama inafaa ikiwa watu kama sisi tumo ndani ya daftari. Ndiyo maana fomu ya Mwalimu imeniudhi kuliko hesabu zote za Kijana.

Kutoka: Mwalimu wa Kusini

Nawashukuru nyote, nimejifunza mengi. Leo nimepiga simu ofisini. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, akasema uhakiki huchukua siku 10 za kazi. Mkutano uko baada ya siku tisa za kalenda. Nimeamua kujaza fomu mbili, moja kwa majina mawili na nyingine kwa matatu, nizitie katika bahasha moja pamoja na barua ya maelezo, niipeleke kwa posta ya rejista. Sijui kama hapo nitahesabiwa kuwa nimepiga kura mara mbili. Na kuhusu kadi ya pamoja bado naomba jibu, kwa sababu mke wangu ananiuliza kila jioni kama yeye ni mwanachama au ni mgeni wangu.

Kutoka: Karani Mstaafu wa Ushirika

Mwalimu, usiposti chochote kabla hatujazungumza kwa simu. Baada ya kusoma ujumbe wako nilitoa kadi yangu mwenyewe kwenye droo. Jina langu la pili limekosewa herufi mbili, na limekosewa hivyo hivyo tangu mwaka niliojiunga.