Naomba ushauri: kuwashukuru wazazi ukumbini

Wadau, naomba ushauri. Shukrani kwa wazazi tumeziweka kabla ya chakula, kwa sababu wageni wakishaanza kula hakuna anayesikiliza tena. Kila upande dakika 3: maharusi washuke wenyewe hadi meza ya wazazi, wakabidhi zawadi, picha moja, basi. Maikrofoni ijaribiwe palepale mezani, maana ikikaribia spika hupiga mluzi.

Kinachonitatiza: baba wa bibi harusi ni marehemu. Tuweke kiti chenye picha yake, au atajwe tu kwenye hotuba? Vyovyote vile mama aambiwe mapema, asije akashtukizwa mbele za watu. Na wazazi wa bwana harusi wametengana. MC awaite pamoja au mmojammoja?