Kwa nini Garratt za klasi 59 hazikufika Mwanza?

MdauKirumba:
Wakuu, nafuatilia injini za mvuke za reli ya upana wa mita moja. Garratt (injini yenye boila moja katikati na seti mbili za magurudumu ya kuvuta, mbele na nyuma) za klasi 59 zilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi. Reli ilifika hapa Mwanza tangu 1928, mbona hazikuletwa? Na kwenye picha ya zamani nitajuaje klasi ya injini?

Karakana_Tabora:
Mkuu, tatizo ni uzito kwa ekseli. Klasi 59 zilikuwa 34, Beyer Peacock wa Manchester walizitengeneza 1955 na 1956. Kila moja ina tani 252 hivi, na kila ekseli ya kuvuta inabeba tani 21. Hapo unahitaji reli nene, mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli) ya karibukaribu na madaraja imara. Njia ya Tabora–Mwanza ilijengwa nyepesi. Ukipitisha mzigo huo, reli zinapinda kwenye maungio, kisha mataruma yanapasuka.

Halafu watu husahau kwamba reli ya kati, ya kutoka Dar es Salaam kuja Tabora na huko Mwanza, haikuwa imeungana na ile ya Tanga na Kenya mpaka kipande cha Ruvu–Mnyusi kilipofunguliwa 1963, kwa hiyo kabla ya hapo hakukuwa na njia ya reli ya kuzileta.

Kwa njia nyepesi zilitengenezwa klasi 30: injini 26 za North British wa Glasgow, 1955–56. Nyuma, chini ya tanuri, zina ekseli mbili ndogo badala ya moja ya klasi 29, ili uzito usambae. Tenda yake (behewa la maji na mafuta nyuma ya injini) ni kubwa kwa sababu huku maji ni ya shida stesheni hadi stesheni. Kwangu mimi hiyo ndiyo injini iliyobuniwa kwa akili kuliko zote za wakati ule, ingawa sifa zote wanapewa Garratt.

MotoNaMaji:
Naongezea upande wa moto. Injini hizi zilichoma mafuta mazito. Hewa ikipungua, moshi unakuwa mweusi tii na masizi yanashika ndani ya mirija ya boila inayopitisha moto katikati ya maji. Joto linatokea dohani badala ya kuingia kwenye maji, presha inashuka, treni inakwama mlimani. Dawa ni mchanga mkavu: injini ikiwa inavuta kwa nguvu, unamimina kwa upawa kupitia tundu la mlango wa tanuri. Mvuto wa hewa unaufyonza mchanga, nao unaikwangua mirija. Ukifanya hivyo injini imesimama, mchanga unabaki tanurini.

Garratt nazo zina lao: maji ya tangi la mbele ndiyo uzito wa magurudumu ya mbele. Yakipungua, magurudumu yanaanza kuteleza.

Karakana_Tabora:
Kuhusu picha, soma namba. Tarakimu mbili za kwanza ni klasi, mbili za mwisho ni injini yenyewe: 3020 ni ya 20 katika klasi 30. Hiyo inaitwa Nyaturu, kwa Wanyaturu wa Singida, na ipo makumbusho ya reli Nairobi. Klasi 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila, 59 ya milima, 60 ya magavana. Namba ikiwa imefutika, tazama bamba la jina ubavuni, kisha hesabu ekseli za nyuma.