Mama mkwe kaleta mafuta ya nyonyo: ya nywele nimekubali, ila anataka nimnyweshe na mtoto

Mama Wawili (Nkuhungu)

Mbukwenyi wadau. Naombeni ushauri, na naomba wa haraka maana jambo lenyewe liko humu ndani.

Nina mtoto wa miezi 4. Tangu mwezi uliopita nywele zinanitoka vibaya mno. Nikichana, kitana kinajaa. Nikiamka, mto una nywele. Pembeni mwa paji la uso pamebaki ngozi tupu. Juzi mama mkwe kaja kutoka Mpwapwa kutuona, kaniletea chupa ya mafuta ya nyonyo aliyoyatengeneza mwenyewe. Ni meusi, mazito, yana harufu ya kitu kilichoungua kidogo. Chupa yenyewe ni ile ya maji, kafunga kifuniko kwa nailoni yasimwagike kwenye basi. Nimeguswa sana, mama ana umri wake na kutwanga nyonyo si kazi ndogo. Usiku uleule alinikalisha chini katikati ya magoti yake akanipaka mwenyewe, mstari kwa mstari. Hapo sina neno.

Shida ni mtoto. Ananyonya tu, hajaanza uji, na leo siku ya nne hajapata choo. Mama anasema nimpe nusu kijiko cha chai cha mafuta yaleyale, ndivyo alivyowalea wanawe wote sita akiwemo mume wangu. Mume yuko safarini, nikimpigia ananiambia "msikilize mama". Naogopa kumpa mtoto, na naogopa kumkosea mama. Nifanyeje? Na je, haya mafuta yanaotesha nywele kweli?

Fundi Bomba DOM

Dada, usimpe. Subiri waje wanaojua zaidi, lakini kijiko kiweke kwanza chini.

Mtoto wa Chamwino

Nimekua nikiona yakitengenezwa, kwa hiyo nieleze kidogo ili ujue ulichonacho mkononi.

Mnyonyo kwetu ulikuwa unajiotea tu, kwenye jalala, pembeni mwa korongo, nyuma ya zizi. Vichala vikianza kukauka bibi anavikata na kuvianika kwenye mkeka. Jua la saa saba likishika, unasikia maganda yanapasuka pa! pa! na punje zinaruka hadi mlangoni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuziokota, na bibi alikuwa anazihesabu kwa macho, maana alijua zinavutia. Punje ya nyonyo ina madoadoa ya kahawia na kijivu, ukiitupia jicho utasema kupe aliyeshiba.

Zikishapepetwa zinakaangwa kwenye chungu kipana mpaka zinakuwa nyeusi na kutoa jasho. Zinatwangwa kwenye kinu mpaka zinakuwa kama uji mzito, halafu zinachemshwa kwa maji mengi. Mafuta yanapanda juu, unaengua kwa upawa taratibu, unayahamishia sufuria nyingine unachemsha tena kukausha maji. Yakiacha kutatarika, yameiva. Kazi ya siku nzima, na unachopata ni chupa moja au mbili.

Weusi wa mafuta ya mama yako unatokana na ule mkaango. Hata yale yanayouzwa mjini kwa jina la Jamaika ni meusi kwa sababu hiyohiyo. Yale ya manjano hafifu yamekamuliwa kwa mashine bila kukaangwa. Kwa hiyo una mafuta halisi, dada, wengi humu wanauziwa yaliyochanganywa na alizeti. Ukitaka kuhakikisha, inamisha chupa: nyonyo halisi hutiririka polepole kama asali, na povu lake linapanda kwa uvivu.

Ila bibi huyohuyo hakutupa hata tone la kunywa. Alitupaka miguuni kwa ajili ya magaga, na akalainishia kamba za ngozi.

Nesi wa Zamu

Mama Wawili, pole na hongera kwa mtoto. Niseme wazi: usimnyweshe.

Mafuta ya nyonyo yakiingia tumboni yanavunjwavunjwa, na asidi yake ndiyo inayousukuma utumbo ujikamue. Mtu mzima akinywa, mara nyingi anaharisha ndani ya masaa 2 hadi 6, tena kwa msokoto mkali. Sasa fikiria tumbo la miezi 4. Mtoto mdogo akiharisha anaishiwa maji haraka sana, na hilo ndilo linalotuletea watoto wodini macho yamedidimia.

Halafu huenda mwanao hana tatizo kabisa. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishavuka wiki 6 hivi, anaweza kukaa hata siku 7 bila choo na akawa mzima, kwa sababu maziwa yanatumika karibu yote. Angalia vitu hivi: ananyonya vizuri? Anakojoa kama kawaida? Tumbo ni laini ukilishika? Choo kikija ni laini? Kama ni ndiyo, tulia. Kama tumbo limevimba na kukakamaa, anatapika, anagoma kunyonya au kuna damu kwenye choo, usisubiri kesho, nenda kituo cha afya.

Nyongeza kwa wanaosoma: mjamzito asinywe kabisa, kwa sababu mafuta haya yanaamsha na mji wa mimba. Nimewahi kupokea dada aliyepewa ili "uchungu uje haraka", akaja ameharisha hadi hana nguvu ya kusukuma. Na kitovu cha mtoto mchanga kiacheni kikavu, msikipake.

Msusi wa Majengo

Nikujibu la nywele. Nasuka mwaka wa 15 huu.

Mafuta ya nyonyo hayaoteshi nywele. Najua wateja wangu hawapendi kusikia, lakini sitaki kukudanganya. Kinachofanyika ni kwamba mafuta mazito yanaufunika unywele, yanashika unyevu, hivyo haukatiki ovyo. Kwa upepo wetu wa Dodoma wa Julai na Agosti, vumbi na ukavu ule, hilo ni jambo kubwa. Nywele zisipokatika unaziona zinarefuka.

Kutoka kwako ni kwa uzazi. Ukiwa mjamzito nywele zilizotakiwa kudondoka zinabaki, ukishajifungua zinadondoka kwa pamoja, mara nyingi mwezi wa 3 au wa 4. Kwa wengi zinarudi mtoto anapokaribia mwaka. Ila hapo pembeni napahofia. Ulisuka nini mara ya mwisho?

Mama Wawili (Nkuhungu)

Rasta ndogondogo, nilisuka mwezi mmoja kabla ya kujifungua ili nisihangaike. Zilibana hadi nikanywa panado.

Msusi wa Majengo

Umejijibu. Msuko unaouma unang'oa. Pumzisha kichwa, mabutu makubwa yaliyolegea tu, na usiweke dawa ya kulainisha. Mafuta changanya sehemu moja ya nyonyo na mbili za nazi, maana yakiwa matupu hayatoki kirahisi ukiosha na nywele zinaweza kushikamana zikawa donge. Paka kidogo kwa ncha za vidole, mara moja au mbili kwa wiki. Kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza kuyatumia, jaribu pia mkunjo wa kiwiko, uone kama ngozi itawasha. Machoni usitie. Miezi 6 ikipita na pembeni bado ni ngozi tupu inayong'aa, muone daktari wa ngozi, vinyweleo vikishakufa mafuta hayavifufui.

Bahi Road

Naomba niongeze moja, maana limenikuta. Mdogo wangu akiwa na miaka 5 alitafuna punje za nyonyo akidhani karanga. Ilipofika usiku akaanza kutapika, kuharisha na kulia tumbo. Tulimpeleka na akapona, lakini siku zile sitazisahau. Sumu iko ndani ya punje, haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu. Punje ikimezwa nzima inaweza kupita salama, ikitafunwa ndipo hatari ilipo. Msitundike watoto shanga za nyonyo, na mashudu msiwape mbuzi wala kuku.

Mama Wawili (Nkuhungu)

Asanteni sana. Tumbo la mtoto ni laini, ananyonya, anakojoa vizuri. Simpi. Sasa nimwambieje mama? Yuko sebuleni na chupa iko mezani.

Babu wa Kikuyu

Mwanangu, usimwambie "hospitali wamesema mnakosea". Mkwe wako kabeba chupa ile kutoka Mpwapwa kwa upendo. Anza kwa kumshukuru kwa kichwa chako. Kisha mwombe akusindikize kliniki kesho, mwambie wewe mgeni wa kulea na unataka asikie mwenyewe. Mtu mzima akisikia kwa masikio yake pamoja nawe, hajashindwa na mtu. Na mumeo mpigie tena, haya maneno ya nesi msomee.

Mama Wawili (Nkuhungu)

Wadau, narudi na mrejesho. Mtoto alipata choo usiku uleule, kingi na laini, kabla hata hatujafika kliniki. Tulienda hivyo hivyo. Nesi alizungumza na mama kwa heshima, akamwita mama, akamwonyesha jinsi ya kumkunja mtoto miguu na kumkanda tumbo. Mama alisikiliza, akauliza maswali mengi kuliko mimi. Tukiwa njiani kurudi akanyamaza, halafu akaniomba simu. Kapiga nyumbani, kawaambia yale mashudu aliyoyamwaga nyuma ya jiko wachimbe shimo wayafukie leo leo, wajukuu wanacheza pale.

Jioni kanipaka tena nywele. Mafuta yaliyobaki kwenye kiganja akajipaka magaga.