Kupanga muda wa kuwasha na kuzima pawasaplai tatu

Swali
Wenzangu, bodi ninayoipima ina chipu inayotaka volti 1.0 itangulie, ifuatwe na 1.8, na 3.3 iingie mwisho; wakati wa kuzima mpangilio unageuka. Kompyuta huziamuru pawasaplai zangu tatu (vifaa vinavyotoa umeme wa volti ninayochagua) moja baada ya nyingine kwa kusubiri milisekunde 10, lakini kwenye osiloskopu (kifaa kinachochora volti inavyobadilika kwa muda) nafasi hiyo haitulii hata kidogo. Je, nirekebishe programu?

Jibu la kwanza
Programu haitakufikisha unakotaka, ndugu, kwa sababu amri hupitia mfumo endeshi, waya wa mawasiliano na kichakataji cha kila pawasaplai, na kila hatua huongeza muda usiotabirika. Andika muda wa kusubiri ndani ya pawasaplai zenyewe: milisekunde 0, 10 na 20 za kuwasha kwa volti 1.0, 1.8 na 3.3, kisha 20, 10 na 0 za kuzima. Halafu ziunganishe kwa waya wa ishara ya kuanzisha, ili zote zianze kuhesabu kwa pamoja.

Jibu la pili
Naongezea kwamba, kama modeli zinatofautiana, namba sawa hazileti matokeo sawa. Kila modeli ina muda wake wa ndani kabla volti haijaanza kupanda, hasa yenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwenye njia ya kutolea umeme. Weka sifuri kote, kisha upime. Ikiwa ile ya volti 3.3 inachelewa kwa milisekunde 6 kuliko wenzake, andika 6, 16 na 20.

Muulizaji
Ahsanteni, kuwasha kumetulia. Tatizo limebaki kwenye kuzima: volti 1.0 inafika sifuri huku 3.3 ikiwa bado inashuka taratibu.

Jibu la pili
Hizo ni kapasita za bodi, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme. Muda wa kuzima huamua pawasaplai inaacha kusukuma umeme lini, wala hauamui volti inaisha lini. Kapasita ya maikrofaradi 1000 yenye mzigo wa ohmu 100 huchukua takriban milisekunde 240 kushuka kutoka volti 3.3 hadi 0.3, kwa hiyo nafasi ya milisekunde 10 haina maana hapo. Ukiweka rezista (kipande kinachopitisha umeme kwa ukinzani maalumu) ili mzigo wote uwe ohmu 10, muda huo hushuka hadi takriban 24. Chagua rezista ya wati 2, kwa kuwa itapokea takriban wati 1 muda wote bodi inapowaka. Kama pawasaplai yako inaweza kufyonza mkondo, yaani kuvuta umeme kutoka kwenye bodi, ishushe kwanza hadi volti sifuri ndipo uizime, maana relei ikishafunguka pawasaplai haiwezi tena kuifikia kapasita.