Springroli, wontoni, mipira ya ufuta au sambusa: kipi kina nafuu kwa anayepunguza uzito?

MamaKeki_Mwanga (mleta mada)
Mwakeye wakuu. Mume wangu yuko kambi ya ujenzi wa reli, na mpishi wa Kichina kule kamzoea sana. Kila Ijumaa anarudi na mfuko wa kaki umejaa vya kukaanga. Mwezi uliopita kliniki wamemwambia presha iko juu, apunguze kilo nane. Basi kaapa hagusi tena sambusa zangu "kwa sababu ya mafuta", ila mfuko wa Mchina anaumaliza peke yake, eti mle ndani ni mboga tupu.

Nikatoa mizani yangu ya keki. Springroli moja gramu 45. Wontoni moja, kile kifuko kidogo cha unga chenye nyama, 12. Mpira wa ufuta 50. Sambusa yangu ya nyama 55. Kisha nikavilaza kwenye karatasi ya daftari la mtoto kwa dakika kumi. Springroli iliacha mstari mmoja wa mafuta. Wontoni tatu zililowesha karatasi mpaka nikasoma hesabu za kujumlisha zilizoandikwa nyuma yake. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana nyumbani ni ugomvi.

Kibirizi_Mchuuzi
Mwambie ale mgebuka wa kuchoma na ndimu, uzi ufungwe.

NesiWaGungu
Dada, hiyo karatasi yako imesema karibu kila kitu. Shika namba tatu, kwa gramu 100 kila kitu: kabichi mbichi kilokalori 25 hivi, unga wa ngano mweupe kama 364, mafuta ya kupikia karibu 884. Kwa hiyo usiulize "kuna mboga?" Uliza manda ni kiasi gani na imenywa mafuta kiasi gani.

Springroli ni nene, kabichi na karoti zimejaa katikati, manda yake nyembamba. Wontoni ina kipande cha nyama kama ncha ya kidole, kilichobaki ni mabawa ya unga yaliyokunjwakunjwa. Kitu kidogo chenye mikunjo kina ngozi nyingi kuliko uzito wake, na mafuta yanakaa kwenye ngozi.

Kwa makadirio, vya aina ya springroli vya mgahawani huwa kama kilokalori 250 kwa gramu 100. Tatu zako ni gramu 135, sawa na 340 hivi. Wontoni kumi na mbili ni gramu 144, nazo ninazikadiria 400 na kitu. Sasa muulize shemeji, nani anakula wontoni akaishia kumi na mbili?

MamaKeki_Mwanga
Hahaha. Anazitupia mdomoni kama karanga huku anaangalia mpira.

Mhaujiji
Mimi nasema tatizo ni mafuta yao ya dukani. Wangekaangia mawese yetu wasingenenepa. Babu zetu walikula mawese na walilima mpaka jua linazama.

NesiWaGungu
Mhaujiji, mawese nayapenda, maharage bila mawese kwangu hayajaiva. Lakini kwenye kalori hayana upendeleo: gramu moja ya mafuta yoyote ni kilokalori 9, yawe mawese, alizeti au pamba. Wekundu wa mawese ni karotini, inayompa mtu vitamini A, ila ukiyaunguza mpaka yawe meupe umeshaiua. Tena karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, yanayopandisha lehemu (kolesteroli). Ya alizeti yana kama sehemu moja ya kumi tu. Na babu, wewe mwenyewe umesema, alilima.

Mzigo_Guangzhou
Nimekaa Guangzhou nikifuata mzigo, naongeza mawili. Hiyo mipira ya ufuta msiidharau kwa sababu imejaa hewa. Ni unga wa mchele unaonata, ndani maharage yaliyopondwa na sukari, nje ufuta, na ufuta wenyewe ni mafuta nusu nzima. Kule ni kitu cha sikukuu, mtu anakula mmoja na chai.

Pili, kuna binamu yangu Marekani kila siku ananitumia picha za "chakula cha Kichina": egroli na wontoni za jibini. Egroli ni mambo ya Wachina wa Marekani, manda nene yenye yai, imetoka vipele vya mafuta. Moja tu ya gramu 89 ni kilokalori 220 hivi. Kwa hiyo ukigugo "kalori za springroli" angalia usije ukaletewa za egroli. Ni kama kusoma bei ya samaki kuhe ukanunua dagaa.

Karai_la_Moto
Nakaanga sambusa mwaka wa sita sasa. Watu hawajui kwamba mafuta mengi hayaingii kwenye sambusa ikiwa bado ndani ya karai. Kitu kikiwa kwenye moto, maji yake yanatoka kwa mapovu na kuyasukuma mafuta nje. Ukikiopoa kikaanza kupoa, ndipo kinavuta yale yaliyoganda juu ya ngozi. Kwa hiyo kung'uta papo hapo, simamisha kwenye chekeche. Ukirundika kwenye beseni, za chini zinaoga mafuta ya za juu. Mfuko wa kaki nao ni beseni tu.

Na dada, sambusa ya gramu 55, manda yako ni nene. Isukume tena.

MamaKeki_Mwanga
Manda yangu iache.

NesiWaGungu
Nimesahau kuuliza la muhimu kuliko yote kwa mtu wa presha. Anachovya kwenye nini?

MamaKeki_Mwanga
Kuna kichupa cha soya sosi, na kingine chekundu cha tamutamu.

NesiWaGungu
Haya. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi kina sodiamu kama miligramu 900. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike 2,000 kwa siku nzima, yaani chumvi chini ya gramu 5. Vijiko viwili na keshakaribia kufika, hajala hata ugali. Hicho chekundu ni sukari na siki. Mpe kachumbari yenye ndimu na pilipili, chumvi usitie. Mfuko ukifika, toa springroli mbili, zipashe kwenye kikaango kikavu, zingine wape watoto wa jirani.

MamaKeki_Mwanga
Mrejesho, Ijumaa hii. Wontoni kaacha, springroli mbili kala na kachumbari, kanung'unika lakini kala. Halafu akatoa kikopo mfukoni, taratibu kama anaficha: ndizi zetu hizi, zimekaangwa, zimechovywa kwenye sukari iliyoyeyuka mpaka zinavuta nyuzi. Anasema hii ni tunda. Nesi, uko hewani?