Mafuta ya nyonyo yanapotea kwenye spiriti, alizeti yanagoma, kwanini?

binti_wa_mbarika: Wakuu habari za jioni. Mama anauza mafuta ya nyonyo ya nywele, sasa juzi nikayachukua kidogo nikaenda nayo maabara chuoni nikayatia kwenye ethanoli (spiriti) ya 95%, nikatikisa, yakapotea yote! Ya alizeti nayo nikajaribu, yakashuka chini yakakaa kama yamenuna. Mafuta si mafuta jamani? Halafu kwenye GC, ile mashine ya kutenganisha kemikali kwa gesi, piki (kilele cha kwenye grafu) yangu kubwa ina mkia mrefu kama wa tumbili, msimamizi kaniangalia tu.

mzee_wa_flaski: Hapo mchawi ni OH moja tu, yaani haidroksili, oksijeni na haidrojeni zilizoshikana. Asidi za mafuta kwenye nyonyo kama 85 hadi 90% ni asidi risinoleiki, ina kaboni 18 na dabo bondi kwenye kaboni ya 9 kama oleiki ile ile, asidi ya kawaida ya mafuta ya kula, ila huyu kabandikwa haidroksili kwenye kaboni ya 12. Hizo OH zinashikana zenyewe kwa zenyewe ndo maana mafuta ni mazito kama asali, na zinashikana na ethanoli pia ndo maana yanayeyuka. Usijaribu na spiriti ya duka la dawa ya 70%, maji ni mengi utaishia kunilaumu mimi. Mmea wenyewe unaanza na oleiki ikiwa imeshanasa kwenye fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa seli, kimeng'enya kinaichomekea OH hapo hapo. Jeni ya kimeng'enya hicho ilipatikana 1995 watu wakashangilia, wakaihamishia kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, wakidhani watavuna nyonyo bila nyonyo, mbegu haikufika hata robo ya kiwango cha risinoleiki cha mbarika (mmea wa nyonyo), maana kuitengeneza ni kazi moja na kuitoa kwenye utando kuipeleka kwenye mafuta ni kazi nyingine inayotaka vimeng'enya vyake.

piki_safi: Mkia wa GC ni OH hiyo hiyo inang'ang'ania kolamu, lile bomba jembamba la ndani ya mashine. Wewe umemethilisha tu (umegeuza asidi kuwa esta za methili) si ndio? Ongeza kemikali ya BSTFA ifunike OH, kausha sampuli vizuri kwanza maana maji yanakula BSTFA yote, piki itanyooka.

mama_kevo: Mie najua ya kuharisha tu, bibi alikuwa anatubana pua 😂 Ila si ina sumu?

mzee_wa_flaski: Dada sumu ni risini, protini, haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu. Kwahiyo mashudu mabichi usiwape kuku! Ya kuharisha ni risinoleiki yenyewe, utumbo ukiikata kutoka kwenye mafuta inabonyeza kipokezi cha EP3, kama swichi ya kukaza misuli, Wajerumani walionyesha 2012, panya waliokosa EP3 wakanyweshwa na hawakuharisha. Mfuko wa uzazi nao una EP3, kwahiyo hawa wanaowanywesha wajawazito ili uchungu uanze mapema waache, waende kliniki.

piki_safi: Binti, ile ethanoli ya 95% ni kipimo kizuri cha uchakachuaji pia. Nyonyo safi inabaki angavu, ikiwa imechanganywa na alizeti ya kutosha inakuwa na ukungu.

binti_wa_mbarika: Asanteni sana, BSTFA imekubali. Ila nimepima na madumu mawili ya stoo ya mama, moja limekuwa jeupe kama maziwa. Na ndo la yule anayemsifia kila siku kwamba ana bei nzuri, sijui naanzia wapi kumwambia.